Mfuate Mhitimu: Utangulizi wa Somo la Vyama vya Udugu vya Wamarekani Weusi

Ukitaja vyama vya udugu vya vyuo vya Marekani, vile vyenye majina ya herufi za Kigiriki, wengi hukumbuka walichokiona kwenye sinema: jumba kubwa kando ya chuo, muziki wa usiku kucha, vijana na chupa mkononi. Sinema hazikusema uongo mtupu, na madhambi ya vyama hivi tutayafikia. Lakini mtafiti anayeishia hapo atakosa sehemu yenye utajiri zaidi ya somo hili. Ndani ya familia hiyo ya vyama kuna tawi la Wamarekani Weusi ambalo kwa zaidi ya karne moja limeendesha zahanati, limelipia kesi mahakamani, limeandikisha wapiga kura na limesomesha watoto wa watu. Utangulizi huu unamkaribisha msomaji wa Kiswahili kwenye tawi hilo.

Nina dai moja la kukukabidhi tangu mwanzo: ukitaka kuelewa huduma ya vyama hivi kwa jamii, mfuate mhitimu. Mwanafunzi hupita chuoni miaka minne na kuondoka. Mhitimu ndiye anayebaki akilipa ada, akikaa kwenye kamati na kushika simu kumtafuta wakili au daktari ambaye ni ndugu yake wa chama. Huduma nyingi zilizoacha alama katika historia zimepitia mikononi mwake.

Tuanze na asili. Chama cha kwanza cha wanafunzi wa Marekani kujiita kwa herufi za Kigiriki kilikuwa Phi Beta Kappa, kilichoanzishwa Desemba 1776 katika Chuo cha William & Mary, Virginia. Mwaka 1825 wanafunzi wa Union College, jimbo la New York, walianzisha Kappa Alpha Society, na mtindo huo ukasambaa karne nzima ya 19. Vilikuwa vyama vya vijana wa Kizungu, wengi wao Waprotestanti wenye uwezo. Kwa kanuni iliyoandikwa au kwa mazoea yasiyohitaji kuandikwa, mtu Mweusi hakuwa na nafasi humo.

Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuwa na wanafunzi Weusi wachache sana, na baadhi ya waliokuwapo mwaka mmoja hawakurudi mwaka uliofuata. Waliobaki walianza kukutana ili kusaidiana katika masomo na kuvumilia upweke. Tarehe 4 Desemba 1906 saba kati yao waliugeuza mkutano huo kuwa chama, Alpha Phi Alpha. Angalia walivyokuja kuwa baada ya kuhitimu, maana hapo ndipo dai langu linapoanzia: Henry Arthur Callis alikuwa daktari, Vertner Tandy akawa msanifu majengo aliyemchorea mfanyabiashara Madam C. J. Walker jumba lake la Villa Lewaro, na Eugene Kinckle Jones akaiongoza kwa miaka mingi National Urban League, shirika lililowapokea na kuwatafutia kazi Weusi waliohamia mijini kutoka Kusini.

Wengine walifuata upesi. Chuo Kikuu cha Howard, Washington, ndicho kilichozaa vyama vingi zaidi: Alpha Kappa Alpha ya wanawake mwaka 1908, Omega Psi Phi mwaka 1911, Delta Sigma Theta ya wanawake mwaka 1913, Phi Beta Sigma mwaka 1914 na Zeta Phi Beta ya wanawake mwaka 1920. Kappa Alpha Psi ilianzia Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1911, na Sigma Gamma Rho ya wanawake ilianzishwa na walimu mjini Indianapolis mwaka 1922. Mwaka 1930 baraza la pamoja liliundwa huko Howard. Iota Phi Theta, iliyozaliwa Morgan State mwaka 1963, iliingia baadaye na kufikisha idadi ya tisa.

Sasa tuangalie mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Kila chama kina matawi ya aina mbili. Tawi la wanafunzi huwa chuoni. Tawi la wahitimu huwa mjini, likikusanya walimu, wauguzi, mawakili, wachungaji na wafanyabiashara waliosoma vyuo mbalimbali. Alpha Phi Alpha ilifungua tawi lake la kwanza la wahitimu Louisville, Kentucky, mwaka 1911, miaka mitano tu baada ya chama kuzaliwa. Mtu anaweza kuingia akiwa bado anasoma, na anaweza pia kuingia akiwa mtu mzima mwenye kazi yake. Martin Luther King alijiunga na Alpha Phi Alpha akiwa tayari ana shahada na anasomea udaktari wa falsafa Boston. Ada ni ya kila mwaka, na asiyeilipa hahesabiwi kuwa mwanachama hai. Mlezi wa tawi la wanafunzi kwa kawaida hutoka katika tawi la wahitimu lililo jirani, na hapo vijana hujifunza kuendesha kikao, kutunza hesabu na kuandaa harambee.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mahali pa kuanzia kulielewa jambo hili: vyama vya kufa na kuzikana. Huko nako kuna daftari la ada, kamati, na aibu ya kutofika msibani. Tofauti kubwa ni upeo. Chama cha kufa na kuzikana kinamhudumia aliyemo. Hivi vya Marekani vilijitwika pia mzigo wa wasiokuwamo, na mara nyingi wa watu ambao wasingeweza kuingia kamwe, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kufika chuo kikuu.

Mfano ninaoupenda kuwapa wanafunzi wapya wa somo hili unatoka Mississippi. Mwaka 1934 Ida L. Jackson, mwalimu wa Oakland, California, na rais wa Alpha Kappa Alpha, alipeleka wanachama wenzake katika wilaya ya Holmes kuendesha shule ya likizo kwa walimu wa vijijini. Walipofika waligundua kwamba afya za wanafunzi ndizo zilizodai kushughulikiwa kwanza. Mwaka uliofuata ukaanza mradi wa afya chini ya Dkt. Dorothy Boulding Ferebee, daktari aliyefundisha Howard. Wanachama waliohitimu, wakiwamo wauguzi, walimu na wataalamu wa lishe, waliacha likizo zao na kuendesha magari yao wenyewe kutoka mbali, maana safari ya treni kwa Mweusi huko Kusini ilijaa ubaguzi. Wenye mashamba ya pamba hawakutaka vibarua wao waondoke kwenda zahanati. Basi zahanati ikapakiwa kwenye magari, ikawafuata vibarua huko huko shambani. Watoto walichanjwa dhidi ya ndui na dondakoo, meno yakatazamwa, kina mama wakafundishwa lishe. Mradi huo ulirudi kila majira ya joto hadi 1942, Vita vya Pili vya Dunia vilipoubana.

Tazama jinsi mambo yalivyofungamana. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angeweza kuchanga senti zake, lakini asingeweza kutoa chanjo. Mradi ulihitaji leseni za udaktari, magari, akiba ya benki na watu waliozoea kutoa amri na kutii amri ndani ya chama kimoja. Vyote hivyo vilikuwa kwa wahitimu.

Mfano wa pili ni wa mahakamani. Mwaka 1942 Elmer Henderson, mtumishi wa serikali ya shirikisho, alisafiri kwa treni kwenda Kusini na akanyimwa chakula katika behewa la kulia. Meza za Weusi zilikuwa zimetengwa kwa pazia, na wakati huo Wazungu walikuwa wamezikalia. Henderson alishtaki. Alpha Phi Alpha ikaibeba kesi hiyo kwa fedha zake, na wakili wa chama, Belford Lawson, akaitetea hadi Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo Juni 1950 iliamua kwamba utaratibu ule ulivunja sheria. Msafiri yeyote Mweusi aliyeketi kula bila pazia baada ya hapo alifaidi michango ya watu ambao huenda hakuwahi kuwasikia.

Mfano wa tatu uko wazi kwa kila anayetembelea Washington. Wazo la kumjengea King mnara wa kumbukumbu lilitoka kwa wanachama wa Alpha Phi Alpha mwaka 1984. Bunge la Marekani liliridhia mwaka 1996, na kazi ya kutafuta fedha ikaachiwa wakfu ulioanzishwa na chama hicho. Mnara ulifunguliwa mwaka 2011. Kutoka wazo hadi jiwe ni miaka 27, na hakuna darasa la wanafunzi linalokaa chuoni muda huo.

Afrika nayo imo katika historia hii. Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe, waliokuja kuwa marais wa kwanza wa Ghana na Nigeria, walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma enzi za masomo yao Marekani. Zeta Phi Beta ilifungua tawi Liberia mwaka 1948. Karibu zaidi nasi, Delta Sigma Theta ilisaidia huduma ya uzazi katika hospitali ya misheni ya Mary Help of the Sick, Thika, Kenya, kuanzia miaka ya 1960. Mtafiti wa Kiambu au Nairobi anayetafuta mada ana mlango hapo, tena usiohitaji viza kuufikia.

Nisikufiche upande wa pili. Somo hili lina wakosoaji wake, na usiwaruke. E. Franklin Frazier, mwanasosholojia wa Howard, katika kitabu chake Black Bourgeoisie aliwashutumu wasomi Weusi kwa kufuja mali kwenye dansi na mashindano ya hadhi huku wakijidai viongozi wa umma. Hoja yake bado inauma: chama kinachochagua wanachama kwa elimu na sura kinaweza kuwa ngazi ya wachache inayopakwa rangi ya huduma.

Zito zaidi ni mateso ya kuwapokea wanachama wapya. Aliyesoma bweni na kuonja maisha ya njuka au mono atafahamu mzizi wake, ila katika vyuo vya Marekani mateso hayo yameua, katika vyama vya Weusi na vya Wazungu vilevile. Mwaka 1990 vyama vya baraza lile la pamoja la 1930 vilifuta rasmi kipindi cha uanagenzi kilichokuwa kikitumiwa kuwatesa vijana, lakini vitendo vyenyewe vikaendelea kwa siri. Desemba 2024 Marekani ilipata sheria ya shirikisho inayovitaka vyuo kutangaza matukio hayo. Hapa pia mfuate mhitimu, kwani mlezi aliyefumba macho ni sehemu ya kosa sawa na kijana aliyeshika fimbo.

Utaingiaje basi katika somo hili? Soma kwanza historia zilizoandikwa na wanachama wenyewe, kama ile ya Charles H. Wesley kuhusu Alpha Phi Alpha, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1929. Kisha soma In Search of Sisterhood ya Paula Giddings, ya mwaka 1988, uone mwanahistoria aliye mwanachama akikichunguza chama chake cha Delta Sigma Theta bila kukibembeleza. The Company He Keeps ya Nicholas Syrett, ya mwaka 2009, itakupa upande wa vyama vya Wazungu. Kwa nyaraka, majarida ya vyama ni hazina. The Sphinx la Alpha Phi Alpha limechapishwa tangu 1914. Karatasi za Dkt. Ferebee zimehifadhiwa Howard, katika kituo cha Moorland-Spingarn.

Usipoteze muda kuwinda siri za viapo. Wanachama hawatakuambia, na hata wakikuambia, utajua machache tu kuhusu kazi ya chama. Daftari la mweka hazina litakufundisha zaidi kuliko wimbo wa faragha. Kila unapokutana na taarifa ya huduma, uliza maswali matatu. Nani alilipa? Nani aliamua kwamba hilo ndilo hitaji la jamii, wenye chama au wenye shida? Na baada ya picha kupigwa na fulana za rangi ya chama kuvuliwa, kilibaki nini? Taarifa nyingi za siku hizi hujivunia saa zilizotumika kufanya usafi au kugawa chakula. Saa ni rahisi kuzihesabu. Mradi wa Mississippi hautathminiwi kwa saa. Unatathminiwa kwa watoto waliochanjwa, na kwa ujasiri wa kuingia shambani mwa mtu asiyekutaka.

Hukumu yangu, baada ya kuyapima haya, ni kwamba vyama hivi vilifanya makubwa pale ambapo wahitimu walileta taaluma zao kazini, na vilififia pale ambapo walileta majina yao tu. Huenda utafiti wako ukanipinga, na hilo litakuwa na faida kwa somo hili. Nawe kama umehitimu chuo chochote, cha Dodoma, Makerere au Eldoret, jiulize chama cha wahitimu wenzako kinafanya nini zaidi ya kundi la simu na mlo wa jioni wa kila mwaka. Kisha nenda kwenye kikao kijacho ukaulize swali hilo kwa sauti.