Fahamu: Je, kijana wa Kenya anaweza kulazimishwa kwenda jeshini?
Ukivuka mpaka kutoka Isebania, Migori, hadi Sirari, utaratibu unabadilika. Tanzania ilisitisha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la lazima mwaka 1994, kisha ikalirejesha 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita.

Nchini Kenya, kujiunga na jeshi la ulinzi (KDF) ni hiari. Kilichokaribia ulazima ni mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) kwa waliokuwa wakielekea chuo kikuu, yaliyoanza 1984.

Hata hivyo, kulazimishwa si jambo geni katika eneo hili la Nyanza. Mwaka 1917 Waingereza waliwakusanya kwa nguvu maelfu ya wanaume kubeba mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani.

Leo vijana wa Homa Bay hujipanga wenyewe kwenye usajili wa jeshi: wanakimbia, wanapimwa urefu, wanakaguliwa meno. Kilio chao ni uhaba wa nafasi, na matapeli wanaouza barua bandia za kuitwa jeshini.