Chanjo Kabla ya Himila

Mwaka 1941, katika mji wa Sydney, Australia, tabibu wa macho Norman McAlister Gregg alitaajabu kuletewa watoto wachanga waliozaliwa na mtoto wa jicho, maradhi ambayo aghalabu ni ya wazee. Naye alipokusanya habari za watoto 78, wake na wa matabibu wenziwe, alibaini kwamba mama wa watoto 68 kati yao waliugua rubela wangali na mimba changa. Kwa mtu mzima rubela ni homa ndogo na vipele vya siku chache. Kwa kiumbe aliye tumboni ni upofu, uziwi, kasoro za moyo, na pengine mauti.

Hatari yake kubwa i katika majuma 12 ya mwanzo, wakati ambapo wengi hawajaitambua hali yao, au wameitambua lakini hawajakwenda kuchukua kadi ya kliniki. Na chanjo yenyewe, kwa kuwa ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, mjamzito hapewi. Kwa hiyo mwanamke huchanjwa kwanza, akangoja mwezi mmoja, ndipo akatafuta mimba. (Aliyechanjwa naye hajui kuwa ana himila asifadhaike: kungoja huko ni hadhari tu, wala haijapata kuthibitika kwamba chanjo hiyo ililemaza mtoto.)

Tanzania ilipoanza kutoa chanjo ya surua na rubela mwaka 2014, waliolengwa walikuwa watoto wasiotimia miaka 15. Waliowazidi umri, ambao leo ndio mama zetu vijana, hawakuguswa. Wengi wao, yamkini, walikwisha kuugua utotoni wakapata kinga bila kujua, na kipimo cha damu chaweza kubainisha. Asiyekuwa na hakika na achanjwe, kwani mwenye kinga hadhuriki kwa kuchanjwa tena.

Huku pwani bibi harusi husingwa, akapakwa hina, akafukizwa udi, na somo wake akamfunda mambo ya unyumba asimfiche neno. Lakini sijamsikia somo aliyemuuliza mwari habari za chanjo, nami sioni ni nani mwenye haki zaidi ya kuuliza.

Tetekuwanga nayo ina chanjo hai, na sharti lake ni lile lile la kutangulia mimba. Homa ya ini B yafaa kupimwa na kuchanjwa mapema, kwa sababu mama humwambukiza mwanawe wakati wa kujifungua. Pepopunda ndiyo haina masharti hayo: sindano yake hudungwa hata mjamzito, pasi na khofu.