Moyo Ukisimamishwa, Dawa ya Usingizi Inapita Wapi?

Katika upasuaji mwingi wa moyo wa kufungua kifua, hufika wakati moyo wa mgonjwa haupigi na mapafu yake hayapumui. Kazi zote mbili hubebwa na mashine ya moyo na mapafu. Hupokea damu iliyokwisha kuzunguka mwilini, huiondolea hewa ya kaboni, huitia oksijeni na kuirudisha kwenye mshipa mkuu. Daktari John Gibbon wa Marekani aliitumia kwa mafanikio Mei 6, 1953, mjini Philadelphia, alipoziba tundu katika moyo wa msichana wa miaka 18. Leo upasuaji wa aina hiyo unafanyika pia Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Ndugu wa mgonjwa huwa na hofu moja: je, moyo utaanza tena? Ni hofu ya haki. Lakini lipo swali jingine ambalo huulizwa mara chache, nalo ni zito: katika muda wote huo, usingizi wa mgonjwa unalindwaje?

Katika upasuaji wa kawaida, mgonjwa anaweza kulazwa kwa mvuke wa dawa kama isoflureni, anaouvuta pamoja na hewa. Mvuke huingia kwenye damu kupitia mapafu, kisha hufika kwenye ubongo. Mapafu yakipumzishwa, njia hiyo imefungwa. Zinabaki njia mbili. Ya kwanza ni mshipa: pampu ndogo humpa mgonjwa propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, mfululizo, bila kukatika. Ya pili ni kuupitisha mvuke kwenye mashine yenyewe, pamoja na oksijeni inayoingia kwenye utando wa kubadilishana hewa. Hapo mtaalamu wa mashine na daktari wa usingizi hawana budi kusemezana kila hatua, kwa kuwa kifaa cha usingizi kimehamia upande wa mashine. Isitoshe, tando hazifanani. Zile za polipropilini hupitisha mvuke vizuri. Baadhi ya zile za polimethilipentini hupitisha kidogo mno. Asiyejua utando alionao anaweza kufungua mvuke akidhani mgonjwa anapata dawa, kumbe haipati.

Ipi bora? Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 5,400 wa upasuaji wa mishipa ya moyo katika nchi 13, ulilinganisha usingizi wenye mvuke na ule wa dawa za mshipani pekee. Baada ya mwaka mmoja, idadi ya vifo haikutofautiana kwa maana yoyote. Kwa maoni yangu hilo linazipa nguvu hospitali zisizo na kila kifaa: njia ya mshipa, ikisimamiwa vizuri, haimpunji mgonjwa.

Kazi ngumu ni kipimo. Mipira ya mashine hujazwa maji ya dawa, mara nyingi lita moja hadi moja na nusu, ambayo huchanganyika na damu ya mtu mzima yenye takriban lita tano. Dawa iliyokuwa ndani ya damu huzimuka ghafla, kama mchuzi uliozidishiwa maji. Sehemu ya fentanili, dawa kali ya maumivu, hunasa kwenye plastiki za mashine. Kwa upande wa pili, mwili ukipoozwa kwa makusudi wakati wa upasuaji, ini huvunja dawa polepole na ubongo huhitaji dawa kidogo ya usingizi.

Hatari huongezeka mwili unapopashwa joto tena. Ubongo unachangamka, ini linaanza kuvunja dawa kwa kasi, na kipimo kilichotosha dakika chache nyuma hakitoshi tena. Dalili za kawaida hazipo: mapigo ya moyo hayasemi kitu, shinikizo la damu linaongozwa na mashine, na dawa za kulegeza misuli zimemzuia mgonjwa hata kutikisa kidole. Ndiyo maana madaktari hutumia kipimo cha mawimbi ya ubongo kinachobandikwa kwenye paji la uso, na huongeza dawa kabla joto halijapanda.

Kuzinduka katikati ya upasuaji ni nadra. Ripoti kubwa ya Uingereza na Ireland ya mwaka 2014 ilikadiria taarifa moja kwa kila wagonjwa 19,000 waliopewa usingizi. Katika upasuaji wa moyo na kifua ilikuwa moja kwa kila 8,600 hivi. Uchache huo haumfariji aliyepatwa. Wengine hubaki na majinamizi na woga wa hospitali kwa miaka.

Kwa hiyo ukionana na daktari wa usingizi kabla ya upasuaji, usimfiche lolote. Mweleze pombe unayokunywa, dawa za maumivu au za usingizi ulizozoea, miti shamba unayotumia, na kama wewe au ndugu yako wa damu aliwahi kupata shida na dawa ya usingizi. Na baada ya upasuaji, ukikumbuka sauti au maumivu ya chumba kile, mwambie daktari siku hiyohiyo, akusikilize na kukupatia msaada mapema.