Ofisi mbili, namba zilezile

Kampuni ya uwakala wa forodha yenye ofisi Arusha na Nairobi ikiamua kuunganisha kompyuta zake, kikwazo cha kwanza huenda kisiwe mpaka wa Namanga, bali namba.

Kila kifaa kwenye mtandao, iwe kompyuta, printa au kamera, huhitaji anwani ya IP, mathalani 192.168.1.10. Pamoja nayo huwekwa sabneti maski, mara nyingi 255.255.255.0. Maski hiyo hutenganisha jina la mtaa na namba ya nyumba: penye 255 ni mtaa, penye 0 ni nyumba. Hivyo 192.168.1 ni mtaa, 10 ni nyumba, na mtaa huo hubeba vifaa 254.

Anwani zinazoanza na 192.168 ni za matumizi ya ndani, na ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa mtaa huohuo wa 192.168.1. Ofisi zikijitegemea, hakuna shida. Zikiunganishwa, kompyuta ya Arusha inayotafuta printa ya Nairobi yenye 192.168.1.20 hudhani ni jirani, huitafuta humohumo Arusha na haiipati. Hati ya mzigo haichapishwi, na lori linasubiri.

Tiba ni kukubaliana kabla ya kuunganisha: Arusha ichukue 192.168.10, Nairobi 192.168.20, maski ibaki ileile. Hapo kompyuta itatambua kuwa printa iko mtaa mwingine, na itaikabidhi ruta kazi hiyo iifikishe. Mpango huo hauhitaji kifaa kipya. Unahitaji mafundi wa pande zote mbili wazungumze mapema.