Ukikohoa, Usiilaumu Aspirini

Mtu akitoka wodini baada ya mshtuko wa moyo hukabidhiwa dawa tano, sita, wakati mwingine saba, na karibu zote huanza kuzimeza wiki ileile. Baada ya wiki mbili tatu koo linamwasha na anakohoa, mapaja yanamuuma, vidole vinakuwa vya baridi, usiku anaota ndoto za ajabu, na chumbani mambo si kama zamani. Dawa ni sita, maudhi ni manne au matano, na hakuna aliyemweleza lipi linatoka wapi. Wengi huacha ile wanayoijua kwa jina. Mara nyingi hiyo ni aspirini, ambayo kikohozi hicho na mapaja hayo haviihusu hata kidogo, na ambayo ndiyo hasa haikupaswa kuguswa.

Mimi ni mfamasia, na wanaokuja kaunta wakisema “dawa zimenikataa” nawafahamu vizuri. Ukiwahoji polepole, huwa imewakataa moja. Kwa hiyo kabla ya kujadili kuvumilia au kuacha, tafuta kwanza ni ipi inayokusumbua. Karibu kila moja ina alama zake, na karibu kila moja ina mbadala wake.

Kikohozi ndicho chepesi kukitambua. Kikiwa kikavu, hakina makohozi, kinawasha koo na kuzidi usiku, angalia kama miongoni mwa dawa zako imo enalaprili, lisinoprili, ramiprili au kaptoprili. Ni kundi moja, majina yake yanaishia na “prili”. Hushusha presha na kuuzuia moyo uliojeruhiwa usitanuke, na takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaozitumia hukohoa. Asili yake ni ya kushangaza. Mwaka 1965 mtafiti wa Brazili, Sérgio Ferreira, alionyesha kwamba sumu ya nyoka aitwaye jararaca huipa nguvu bradikinini, kemikali ya mwili inayolegeza mishipa ya damu. Tafiti za sumu hiyo ndizo zilizofungua njia ya kutengeneza kaptoprili. Sasa bradikinini ileile, mwili ukizuiwa kuivunja, hujikusanya kwenye njia ya hewa na kuwasha mishipa ya fahamu ya huko. Ndiyo maana dawa ya maji ya kikohozi, tangawizi na asali, hata antibiotiki, havifui dafu: hapo hakuna mdudu wa kuua.

Kupimwa TB si kosa. Kwetu huku kikohozi cha wiki mbili kinastahili kipimo. Ila mwambie anayekupima kwamba unameza “prili”. Tiba ya kikohozi chenyewe ni daktari kukuhamishia kwenye kundi la losatani, valsatani au telmisatani, ambazo hufanya kazi inayokaribiana sana bila kulimbikiza bradikinini. Na hapa ndipo watu hukata tamaa mapema: kikohozi hakikomi kesho yake. Huchukua wiki moja hadi nne kuisha, na kwa wachache hata miezi mitatu.

Mambo mawili hayasubiri kliniki. La kwanza ni midomo, ulimi au uso kuvimba ghafla. Ni nadra, lakini “prili” huwafanyia hivyo watu wenye asili ya Afrika mara nyingi zaidi kuliko wengine, na uvimbe ukifika kooni huziba pumzi. Acha dawa, kimbia hospitali, na usiirudie maishani, wala ndugu zake wa kundi hilo. La pili ni kikohozi kinachokuja ukilala chali, kinachokulazimu kuongeza mito, huku miguu ikivimba. Huo huenda ni moyo ulioshindwa kusukuma damu hadi maji yakajaa mapafuni, na hapo dawa zako hazina lawama. (Kwa mwanamke anayetarajia kupata mimba: “prili” na “satani” zote humdhuru mtoto tumboni. Mwambie daktari kabla, usingoje mimba ionekane.)

Tuje kwenye dawa za kuzuia damu isigande: aspirini, kwa kawaida ya miligramu 75, pamoja na klopidogreli au tikagrelori. Zamani waliohitaji stenti walipelekwa India. Leo huwekwa Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na Nairobi pia. Stenti ni wavu mdogo wa chuma unaoachwa ndani ya mshipa wa moyo ili kuushikilia uwe wazi. Mpaka ukuta wa mshipa uote na kuufunika, chuma hicho huvuta damu igande juu yake, hasa mwezi wa kwanza. Ndiyo sababu dawa mbili hutolewa kwa pamoja, mara nyingi kwa miezi 12, kisha aspirini ikaendelea peke yake. Anayeziacha zote mbili wiki ya tatu kwa sababu fizi zinatoka damu anajiweka kwenye hatari ya mshtuko wa pili, ambao mara nyingi huwa mbaya kuliko wa kwanza.

Fizi kutoa damu kidogo, michubuko inayotokea bila kujua uligonga wapi, ukijikata unachelewa kukauka: hayo ni ishara kwamba dawa inafanya kazi. Damu ya pua, kaa, inamia mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 bila kuchungulia. Lakini kinyesi kikiwa cheusi kama lami na chenye kunata, au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kiungulia nacho kina dawa, ila si zote. Omeprazoli hupunguza uwezo wa mwili kuiamsha klopidogreli, kwa hiyo anayetumia klopidogreli aombe pantoprazoli. Nimeona wagonjwa wakinunua omeprazoli wenyewe kwa miezi, kwa sababu ni rahisi na inajulikana. Tikagrelori ina lake: huweza kumfanya mtu ahisi pumzi haitoshi hata akiwa ameketi. Inatisha, na lazima ichunguzwe isije ikawa ni moyo, lakini ikithibitika ni dawa, ipo ya kuhamia.

Na jino. Mgonjwa anaambiwa kliniki ya meno aache aspirini wiki nzima ndipo ang'olewe. Jino moja kwa kawaida hung'olewa bila kuacha chochote. Daktari wa meno hukandamiza pamba muda mrefu kidogo, akishona ikibidi. Akisisitiza, mwombe azungumze na daktari wako wa moyo kabla hujaruka hata dozi moja.

Sasa statini, yaani atovastatini, rosuvastatini na wenzao, wanaoshusha kolesteroli na kutuliza utando wa mafuta ulioko mishipani. Hazina mshindani kwa kusemwa vibaya. Watafiti wa Imperial College, London, walichapisha mwaka 2020 jaribio lililonibadilisha namna ninavyozungumza na wagonjwa. Walichukua watu 60 waliokwisha kuacha statini kwa sababu ya maudhi. Kila mmoja akapewa chupa 12, moja kwa kila mwezi: nne za atovastatini, nne za vidonge vinavyofanana navyo lakini visivyo na dawa, na nne tupu kabisa. Kila siku alijipa alama kwenye simu, kuanzia 0 hadi 100, kwa jinsi anavyojisikia vibaya. Miezi isiyo na kidonge wastani ulikuwa 8. Miezi ya statini ukapanda hadi 16.3. Na miezi ya kidonge kisicho na dawa? Ulikuwa 15.4. Miezi sita baada ya kuonyeshwa matokeo yao, nusu ya watu wale walikuwa wamerudia statini.

Utafiti huu hutumiwa vibaya na baadhi yetu wa afya, tukamwambia mgonjwa kwamba ni mawazo yake tu. Alama 15 ni maumivu halisi. Mwili uliotarajia kuumia huuma kweli. Na wapo wachache ambao statini yenyewe ndiyo inayowaumiza. Hao huumwa misuli mikubwa ya pande zote mbili, mapaja yote au mabega yote, wiki chache baada ya kuanza au kuongezewa dozi. Goti moja linalouma tangu mwaka juzi halihusiani. Misuli ikilegea hadi kunyanyuka kitini ni kazi, au mkojo ukageuka rangi ya chai ya rangi, acha kidonge na uende ukapimwe damu siku hiyo. Kwa maumivu ya kawaida, kuna kushusha dozi, kubadili statini, au kuongeza ezetimaibi ili statini ipunguzwe. Angalia pia kinachoipandisha dawa mwilini: antibiotiki kama klarithromaisini, baadhi ya dawa za VVU zenye ritonavi, na juisi ya balungi ikinywewa kwa wingi. Mara nyingi kumbe tatizo ni mchanganyiko.

Jambo baya kuliko yote ni kutuliza mapaja hayo kwa diklofenaki ya dukani. Diklofenaki huongeza hatari ya mshtuko mwingine, na ibuprofeni huweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake. Parasetamoli ndiyo ya kuanzia.

Limebaki la chumbani. Baba mmoja wa makamo aliingia famasini jioni, akajifanya anasoma maboksi ya dawa ya meno mpaka mama aliyekuwa akinunua nepi akaondoka.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, dokta.” Akainama juu ya kaunta. “Zile za wanaume mnazo?”

Nikamuuliza anatumia dawa gani nyingine. Akatoa mfukoni vibahasha vya kaki vilivyokunjika, vimeandikwa kwa kalamu 1x1, 1x2, na kimoja kilichoandikwa “chini ya ulimi, kifua kikibana”. Kwa hicho cha mwisho nikamnyima. Dawa za chini ya ulimi ni nitreti, hutanua mishipa. Sildenafili hutanua vilevile. Zikikutana, presha inaweza kuporomoka mpaka mtu akapoteza fahamu au akafa. Aliyemeza sildenafili asiguse nitreti kwa saa 24, na kwa tadalafili ni saa 48. Kifua kikimbana ndani ya muda huo aende hospitali na aseme alichomeza, aibu au si aibu. Poda za “mitishamba” za nguvu za kiume si kimbilio, kwani mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekuta baadhi yake zimetiwa sildenafili kimyakimya.

Baba yule alikuwa na hakika kwamba aliyemharibia ni bisoprololi. Kundi lake, pamoja na kavediloli na atenololi, hupunguza kasi ya moyo, na huleta uchovu, mikono ya baridi na ndoto nzito. Mengi hupungua baada ya wiki kadhaa. Kwa nguvu za kiume linalaumiwa kupita kiasi. Mwaka 2003 madaktari wa Italia waliwapa atenololi wanaume 96 wagonjwa wa moyo wasio na tatizo hilo. Waliofichwa jina la dawa, asilimia 3 walilalamika. Waliotajiwa jina tu, asilimia 16. Waliotajiwa jina na madhara yake, asilimia 31. Walioathirika wakapewa sildenafili au kidonge kitupu, na vyote viwili vikasaidia karibu sawa. (Huenda kwa kuandika haya nimewapa tatizo wasomaji wawili watatu. Niwieni radhi.) Mara nyingi mshtakiwa halisi ni kisukari, sigara, hofu ya kufia kitandani, au mishipa ileile iliyoziba moyoni. Anayepanda ghorofa mbili bila kifua kubana kwa kawaida anaweza kurudi chumbani.

Hata hivyo kundi hili lina swali halali la kumuuliza daktari. Jaribio la mwaka 2024 lenye wagonjwa 5,020, wengi wao Sweden, halikuona faida kwa wale ambao moyo wao ulibaki unasukuma damu vizuri, na majaribio yaliyofuata hayajakubaliana. Uliza kipimo chako cha eko kilisema nini na kama bado unaihitaji. Usiikate ghafla, moyo huweza kwenda mbio na kifua kurudi kubana. Hupunguzwa kidogo kidogo.

Ramadhani huwaacha wengi wakipanga ratiba wenyewe. Dawa ya mara moja kwa siku huhamia futari bila shida, na ya mara mbili hugawanywa futari na daku. Wenye dawa ya kukojoa ndio wanaoanguka kwa kizunguzungu alasiri, kwa hiyo waonane na daktari mwezi wa Shaabani, na aliyepata mshtuko majuzi asifunge.

Siku ya kliniki beba dawa zenyewe, hata zile za dukani, na kwenye kila bahasha andika tarehe uliyoanza. Useme tatizo lilianza lini, na kama umeruka dozi kwa kukosa hela, liseme hilo pia, maana bei ina ufumbuzi wake tofauti. Kisha omba ibadilishwe dawa moja tu, uipe wiki kadhaa, ndipo ya pili ifuate. Zikibadilishwa mbili kwa pamoja na maumivu yakaisha, hakuna atakayejua ni ipi, na utajikuta umenyimwa zote mbili.