Sobek, mungu mamba wa Misri, na uzushi wa mabikira

Sobek ni mungu wa Misri ya Kale anayechorwa ama kama mamba kamili, ama kama mwanamume mwenye kichwa cha mamba. Maandishi yaliyochongwa ndani ya piramidi ya Unas huko Saqqara, yapata mwaka 2350 KK, tayari yanamtaja kuwa mwana wa mungu wa kike Neith, na mfalme aliyekufa anajinasibisha naye ili apate ukali wake na rutuba ya maji yake. Makao yake makuu yalikuwa Shedet katika bonde la Fayum, nchi ya ziwa na vinamasi ambayo Wagiriki baadaye waliuita mji wake Mji wa Mamba. Kusini alikuwa na hekalu huko Kom Ombo, mji ambao zamani uliitwa Ombos. Cheo chake kilipanda wafalme wa Nasaba ya 12 walipoigeuza Fayum kuwa nchi ya kilimo. Karibu mwaka 1800 KK mwanamke aliyetawala kwa cheo kamili cha ufirauni, kwa takriban miaka minne, aliitwa Sobekneferu. Na katika Nasaba ya 13 wafalme kadhaa walijiita Sobekhotep. Makuhani walimwunganisha na Ra, mungu jua, na ibada yake iliendelea mpaka zama za Warumi.

Hayo ni nadra kuulizwa. Swali linaloulizwa ni lilelile, na hurudi kila inapotoka filamu mpya ya mafirauni: je, ni kweli Sobek alikuwa akitupiwa mabikira? Hapana. Katika hati zote za mahekalu ya Sobek, na za Fayum ni nyingi mno, hakuna iliyowahi kupatikana yenye kuagiza, kuhesabu au kusimulia mtu kulishwa mamba wa hekalu. Makuhani hao waliandika kila kitu: nafaka, mafuta, mishahara, kodi, hata ugomvi wao wa mipaka ya mashamba. Itakuwa ajabu kubwa kama walisahau kuandika watoto wa watu.

Uzushi huu una mizizi mitatu, na kila mmoja unastahili kung'olewa peke yake.

Wa kwanza ni Aelianus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2 na ya 3 BK, aliyedai kwamba akina mama wa Ombos walifurahi watoto wao walipoliwa na mamba. Mwandishi huyu alijulikana kwa kujisifu kwamba hakuwahi kutoka Italia. Hata yeye, pamoja na utamu wote aliotia katika habari zake, hakusema watoto walitupwa. Alisema waliliwa, jambo ambalo hutokea popote watu wanapochota maji mtoni. Kumfanya shahidi wa kafara ni kumsingizia hata mzushi.

Wa pili ni Herodotus, aliyefika Misri katika karne ya 5 KK. Aliandika kwamba mtu aliyeuawa na mamba au aliyezama mtoni alipakwa dawa za kuhifadhi mwili kwa gharama ya mji ulio karibu, na kuzikwa na makuhani wa Nile peke yao. Wasomaji wa haraka wamegeuza heshima ya maziko kuwa sababu ya kuua. Ni mantiki ya kushangaza. Herodotus huyohuyo anaeleza jinsi mamba mmoja mmoja alivyofugwa karibu na Thebes na katika Ziwa Moeris, akavikwa mapambo ya masikio na bangili miguuni. Sehemu hiyo hunukuliwa kwa nusu, kwa sababu mstari unaofuata unaharibu hadithi: watu wa Elephantine, anasema, walikuwa wakimla mamba.

Wa tatu ndio unaosikika zaidi miongoni mwa wasomaji Waislamu: kisa cha barua ya Khalifa Umar kwa Mto Nile. Kimepokewa na Ibn Abd al-Hakam, mwanahistoria wa Misri aliyefariki mwaka 871. Humo Wamisri wanamwambia Amr ibn al-As, gavana wa Umar huko Misri, kwamba mto haujai mpaka binti bikira atupwe majini. Amr anakataa, Umar anatuma barua itupwe badala yake, na mto unajaa. Hata anayekipokea kisa hiki neno kwa neno hapati ndani yake Sobek wala mamba. Anayezungumziwa ni mto. Tena Misri ya wakati wa Amr, katika karne ya 7, ilikuwa nchi ya Wakristo kwa vizazi vingi, na mahekalu ya Sobek yalikwisha kufungwa zamani.

Chakula cha mamba wa hekalu, kwa upande wake, kinajulikana. Mwaka 112 KK iliandikwa barua ya kuwaandaa maofisa wa Fayum kumpokea seneta wa Roma, Lucius Memmius. Miongoni mwa maagizo ni kuweka tayari vitafunio vya kumpa Petesouchos, mamba mtakatifu, na wenzake. Kwa maneno mengine, kumlisha mamba kulikuwa sehemu ya matembezi ya wageni. Karibu miaka 90 baadaye mwanajiografia Strabo alimwona mamba wa huko akifunuliwa kinywa na makuhani na kutiwa keki, nyama ya kuchoma na kinywaji cha asali. Barua ile ya Memmius yenyewe imesalia kwa sababu karatasi chakavu za mafunjo zilitumika kufungia na kujazia mumia za mamba huko Tebtunis katika Fayum, ambako wataalamu wa mafunjo Grenfell na Hunt walizifukua majira ya baridi ya 1899 na 1900. Mumia kubwa ya Kom Ombo iliyoko British Museum, yenye urefu wa karibu mita 4 na makinda zaidi ya 20 yaliyobandikwa mgongoni, ilipopigwa picha za skani ilikutwa na mifupa ya ng'ombe tumboni.

Kosa lililo chini ya makosa haya ni kudhani kwamba Mmisri alimwabudu kila mamba. Mamba wa hekalu alikuwa sura hai ya mungu, kama sanamu ilivyokuwa sura yake ya jiwe. Mamba wa mtoni alikuwa balaa. Makaburi ya Saqqara yana picha za wachungaji wakivusha ng'ombe kwenye kivuko huku wakinyoosha kidole na kusoma maneno ya kumzuia mamba. Mawe ya uganga yanamwonyesha mungu Horus akiwa mtoto amesimama juu ya mamba, naye mgonjwa alikunywa maji yaliyomwagwa juu ya jiwe. Huko Edfu, kilomita 60 hivi kutoka Kom Ombo, mamba alichomwa mkuki kama mfuasi wa Seth, adui wa Horus. Na mamba mmoja aliyekaushwa, aliyeko sasa Lyon, alikufa kwa pigo la fuvu: wawindaji walimwua mtoni ili wapate mumia ya sadaka. Huko Medinet Madi katika Fayum limefukuliwa jengo lenye mayai ya mamba ya hatua mbalimbali za ukuaji, dalili kwamba wengine walitotoleshwa kwa kazi hiyohiyo.

Anayetaka kuhakiki habari yoyote kuhusu Sobek aulize mambo matatu: nani aliandika, lini, na alikuwa wapi. Hati ya Kimisri iliyoandikwa mahali penyewe inatangulia ya Kigiriki, ya Kigiriki inatangulia filamu. Anayetaka kuona kwa macho aende Kom Ombo: hekalu ni pacha, nusu ya kusini ya Sobek na ya kaskazini ya Horus Mkubwa, na jumba la makumbusho la mamba lililofunguliwa 2012 liko jirani. Medinet Madi kuna hekalu la Amenemhat III, mfalme wa Nasaba ya 12. Kunahitaji gari na mwenyeji. Aliye Ulaya anayo makumbusho ya London, Leiden na Lyon. Mamba hai wa porini hawapo tena Luxor wala Fayum. Wamebaki kusini ya Bwawa Kuu la Aswan, katika Ziwa Nasser.