Mwajiri Wako Nani?

Mpwa wangu wa hapa Bondo, mtaalamu wa kompyuta, alivuka mpaka juzi kwenda kuwashauri wateja watatu katika nchi jirani. Afisa akamuuliza, "Mwajiri wako nani?" Akajibu, "Nimejiajiri." Kalamu ikasita: fomu ilidai jina la kampuni.

Sisi wanaisimu hatuoni ajabu. Kiambishi "ji" humfanya mtu yule yule kuwa mtenda na mtendwa. Isitoshe, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, humtambua mfanyakazi katika kifungu cha 10, na aliyejiajiri katika kifungu cha 13. Aliyeiandika fomu ile, nadhani, aliishia cha 10.

Kijana amerudi nyumbani. Wateja wangali wanamngoja.